Majani ya bustani yananyauka? Chimba kwanza ndo tuongelee mbolea

Masika ikishapita, kuanzia mwezi wa 6 hivi, simu za wenye bustani za nyasi zinaanza. Fundi majani yamekuwa ya njano. Fundi kuna viraka. Fundi nimemwaga yurea jana na leo yameungua kabisa. Na wengi wanaopiga wanakuwa wameshanunua kitu dukani kabla hawajajua tatizo ni nini, na hapo ndo hela inapokwenda bure, kwa sababu majani yenye njaa na majani yenye chumvi ukiyaangalia ukiwa umekaa barazani yanafanana, yote njano tu, ila yale ya njaa ukiyapa yurea yanaamka na yale ya chumvi ukiyapa yurea unayamalizia.

Kwa hiyo ntapitia dalili moja moja na sababu zake. Naongelea zaidi Dar na ukanda wa pwani maana ndo ninakofanyia kazi, ila ntagusa pia Arusha, Nairobi na Dodoma kwa sababu udongo wa huko una vituko vyake tofauti kabisa. Tafuta vitu vinne: kipande cha nondo chembamba chenye ncha urefu kama nusu mita, sepeto, makopo machache yenye kuta zilizonyooka, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Hivyo vinakupa majibu mengi kuliko picha ya kutuma kwenye WhatsApp.

Kabla ya yote, una majani gani?

Watu wanaruka hapa na ni kosa kubwa. Ukoka ni ule wa jani jembamba unaotambaa juu na chini ya udongo, unataka jua la kutosha, unavumilia ukame na chumvi kiasi chake. Majani ya pemba yana jani pana, nene, ncha yake butu, hayo yanakaa kwenye kivuli na upepo wa bahari hauyasumbui sana. Paspalamu ya pwani inafanana na ukoka ila jani lake linang'aa zaidi, na kwa kuvumilia chumvi kati ya haya hakuna linaloifikia. Halafu kuna majani ya kikuyu, asili yake ni nyanda za juu za hukuhuku Afrika Mashariki, yanapenda ubaridi, ndo maana Lushoto, Arusha kwenye mita kama 1,400 na Nairobi kwenye mita kama 1,700 yanapendeza sana. Sasa mtu anaenda kwa shemeji yake Arusha, anayapenda, anabeba vipande kwenye buti anakuja kuvipanda Kigamboni. Miezi ya kwanza yanashika vizuri, joto la mwezi wa 1 na wa 2 likifika yanachoka, yanaanza kuingiwa na magonjwa, na mwenye nyumba anaanza kutafuta mbolea. Hapo hakuna mbolea jamani. Ng'oa, panda ukoka au pemba.

Yote yamekuwa ya njano

Piga magoti uangalie ni jani lipi limeanza. Kama ni majani ya zamani, yale ya chini, ndo yamepauka kwanza na bustani nzima ina rangi ya kijani iliyofifia, na yanakua polepole kiasi kwamba kijana wa bustani hana cha kukata, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Mchanga wetu wa pwani haushiki mbolea, mvua moja kubwa ya masika inaishusha yote chini mizizi isikofika. Ndo maana njano inakuja baada ya mvua na watu wanashangaa mbona maji yalikuwa mengi.

Dawa yake ni kidogo kidogo mara kwa mara. Yurea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo kilo 1 kwenye mita za mraba 100 ni dozi kamili, ila kwenye mchanga mimi nagawa, nusu kilo leo, nusu kilo baada ya wiki tatu. Mwaga majani yakiwa makavu, halafu mwagilia palepale mpaka punje zote ziyeyuke ziingie chini. Anayemwaga asubuhi kisha akasubiri DAWASA warudishe maji jioni ndo huyo anayenipigia kwamba yameungua. Kama huna uhakika wa maji siku hiyo, acha yurea, weka mboji au samadi iliyooza vizuri na kuchekechwa, itawanye nyembamba, unene wa nusu sentimita tu, ipige reki iingie katikati ya majani. Samadi ndo inayobadilisha mchanga kabisa, yurea inalisha tu siku hiyo.

Kama njano imeanza kwenye majani machanga ya juu, na ukilishika jani moja ukaliangalia kwenye mwanga unaona mistari ya kijani na katikati yake njano, hiyo ni njaa ya chuma. Inaonekana sana kwenye nyumba zilizo juu ya mawe ya matumbawe, huku Dar upande wa Oysterbay na Masaki, na Mombasa kisiwani na Nyali ndo kwao. Udongo wa matumbawe una chokaa nyingi, chuma kimo ila kimefungwa, mizizi haikipati. Koroga salfeti ya chuma kijiko kimoja cha chai kwenye lita 5 za maji, pulizia kwenye majani jioni, ndani ya siku chache unaona kijani kinarudi. Funika pavingi na vigae au vimwagie maji haraka, maana salfeti ikikaukia juu yake inaacha madoa ya kutu na hayatoki. Na usije ukashauriwa kuweka chokaa huku pwani, hiyo ni habari ya udongo mwekundu wa milimani na hata huko usiweke bila kupima, inahitajika pale pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ikiwa imeshuka chini ya 5.5.

Ncha zimeungua, na juu ya udongo kuna utando mweupe

Hii ndo inayoniuma zaidi, kwa sababu mtu anakuwa anajitahidi kumwagilia kila siku na kila akimwagilia anaongeza tatizo. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi na vinazidi kuwa na chumvi kadiri watu wanavyovuta maji, bahari inaingia chini kwa chini. Ukionja maji unaweza usihisi kitu. Jani linaanza kukauka kwenye ncha, linashuka pembeni, na pale pembezoni mwa bustani panapokauka haraka unaona unga mweupe.

Nunua au azima kile kidude cha kupimia chumvi kwenye maji, kinachosoma mikrosimensi. Chini ya 700 maji ni mazuri. Kati ya 700 na 3,000 unaweza kuishi nayo ukiwa makini. Ikizidi 3,000 acha kupigana, ama ubadilishe maji ama ubadilishe majani uende kwenye paspalamu.

Na kwa walio katikati hapo, badilisha umwagiliaji wako. Watu wengi wanashika mpira jioni wananyunyiza kidogo kidogo kila siku, udongo unalowa sentimita mbili tatu, jua la kesho linavuta maji, chumvi inabaki juu palepale kwenye mizizi. Mwagilia mara chache ila kwa wingi ili maji yashuke na chumvi yake chini ya mizizi. Mvua ikinyesha usifurahi tu kwamba leo hamna kazi, hiyo ndo siku ya kuosha udongo, kama umeweka matangi ya kukinga maji ya bati kamilisha kwa kumwagia hayo. Na yurea na NPK zenyewe ni chumvi, kwa hiyo bustani ya namna hii ilishe kwa mboji.

Viraka vya kahawia

Hapa ndo kuna sababu nyingi na ndo panapohitaji uvumilivu, usikimbilie dawa ya wadudu.

Shika majani ya kwenye kiraka, pale mpakani panapokutana pabovu na pazima, uvute. Yakiinuka kama zulia bila mizizi, funua uangalie chini. Ukikuta funza wanene weupe, kichwa cha kahawia, wamejikunja nusu duara, umeshampata mwizi, hao ni watoto wa mbawakawa, wale wadudu wa usiku wanaogonga taa za kibarazani, wanakula mizizi. Kata kipande cha sentimita 30 kwa 30 uhesabu. Wawili watatu majani yanawavumilia. Wakizidi sita hivi ndo utafute dawa yenye imidakloprid, ukate kwanza maua yote yaliyo kwenye majani ili nyuki wasife, unyunyize halafu umwagilie ishuke walipo. Kunguru au yangeyange wakianza kufukua bustani yako kila asubuhi, wao wameshajua kabla yako.

Kama yamebaki vijiti tu, jani limetafunwa, na kiraka kinakua siku hadi siku hasa baada ya mvua kufuatia ukame, fikiria viwavijeshi. Changanya vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji kwenye lita 5, mwaga kwenye mita moja ya mraba pale mpakani, kaa hapohapo dakika kumi. Kama wapo watapanda juu wenyewe. Wanakula zaidi jioni na usiku kwa hiyo pulizia dawa ya wadudu jioni, ukipuliza saa sita mchana unapuliza jua. Na usikubali fundi akwambie bustani imeisha upande upya, kiwavi anakula jani, shina linalotambaa linabaki, ukilisha na kumwagilia ukoka unarudi.

Majani hayang'oki, hakuna mdudu, kiraka kina umbo la ajabu, mstatili au mstari ulionyooka, na kinakauka kabla ya sehemu nyingine kila kiangazi? Chukua nondo. Choma penye uzima, inashuka yenyewe mpaka mkono unakaribia udongo. Choma kwenye kiraka. Kuna nyumba moja Mbezi Beach mzee mwenye nyumba alikuwa ameshabadilisha wapalilizi wa bustani kwa ajili ya kiraka kimoja karibu na geti, ananiambia "kijana wangu, hapa pana mkosi." Nikamwambia "mzee naomba nichome tu." Nondo iliingia sentimita sita ikagota, ikalia tak. Nikasogeza hatua moja, tak. Tulipofukua kulikuwa na sakafu ya zege, ile waliyokuwa wanachanganyia mchanga na saruji wakati wa ujenzi, mafundi wakaifukia wakaweka udongo juu wakapanda majani. Hiyo iko kwenye nyumba nyingi sana, kama si zege ni vipande vya tofali, vigae, mifuko ya saruji. Mizizi haina pa kwenda na udongo mwembamba unachemka. Toa yote, jaza udongo angalau sentimita 20, hakuna njia ya mkato.

Viraka vya duara vyenye ukingo wa kijani kilichokolea na katikati pamekufa, ukubwa wa sahani, ni mkojo wa mbwa. Mwagia maji mengi eneo hilo mapema, mfundishe mbwa pa kwenda. Duara kubwa la kijani lenye uyoga pembeni mara nyingi maana yake chini kuna kisiki au mbao inaoza, chimba utoe.

Fangasi nao wapo, hasa masika na hasa kwa anayemwagilia usiku. Majani yakilala yamelowa kila siku umewaandalia. Utaona madoa madogo kwenye jani lenyewe, na alfajiri kuna nyuzinyuzi nyeupe zenye umande. Hamisha umwagiliaji uwe alfajiri, punguza matawi yanayozuia upepo, acha yurea kwa muda. Dawa ya fangasi bila kubadilisha hayo matatu utainunua kila mwezi.

Mchwa ndo wanaosingiziwa kuliko wote. Mara nyingi wamefuata majani ambayo yameshakufa kwa sababu nyingine, wanakula makavu. Wao ukiwaona tafuta kwanza nini kiliua.

Maji yanasimama, au yanateleza hayaingii

Kama nondo inagoma kuingia hata sehemu isiyo na zege, udongo umeshindiliwa. Njia ya mkato watu wanayopita kwenda kwenye geti, mahali gari inapopaki wageni wakija, mahali pa kuweka maturubai ya sherehe. Loweka udongo siku moja kabla, chukua uma wa bustani wenye meno manne, choma kila baada ya sentimita 10 ukitikisa kidogo, halafu sambaza mboji iliyochanganywa na mchanga ijaze matundu. Ni kazi ya mgongo, ila inafanya kazi. Na kama watu wanapita hapo kila siku, weka mawe ya kukanyagia, miguu ya watu huishindi.

Ndugu zangu wa Syokimau, Kitengela na Athi River mna shida ya kwenu, ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka nyufa za kuingiza mkono jua likiwaka. Kinachofanyika sana ni kuleta lori la udongo mwekundu na kumwaga juu. Sawa, ila ukiumwaga tu juu ya mweusi maji yanashuka mpaka pale yanapokutana yanasimama, mizizi inaoza. Changanya kwanza tabaka la chini, sentimita 10 za mweusi na mwekundu na mboji, ndo uweke mwekundu mtupu juu, na uache mteremko wa maji kutoka nyumbani kwenda kwenye mtaro. Mchanga peke yake usiuchanganye na mfinyanzi kwa matumaini ya kuulainisha, kiasi kidogo hakisaidii kitu. Na usiuguse udongo huo ukiwa umelowa.

Nairobi na Arusha pia mnakuwa na bustani inayobonyea ukiikanyaga, juu kijani ila maji hayashuki. Hiyo kwenye kikuyu ni tabaka la mashina makavu lililojazana katikati ya jani na udongo. Kata kipande uangalie, likizidi sentimita moja na nusu lipige reki ya chuma kwa nguvu mwanzo wa mvua, litoke, majani yataonekana mabaya wiki mbili tatu kisha yanafunga.

Yamekuwa meupe baada ya kukata

Angalia ncha ya jani. Kama imechanika nyuzinyuzi, kisu cha mashine ni butu, kinoe. Kama bustani nzima imebaki vijiti vya kahawia, umekata chini sana kwa mara moja. Masika kijana wa bustani hapati nafasi ya kukata, majani yanafika goti, mvua ikikata anakuja na mashine ya begani anashusha mpaka chini, na kijani chote kilikuwa juu. Usitoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, rudia baada ya siku nne tano. Ukoka uache sentimita 3 mpaka 4, kikuyu 4 mpaka 5, pemba 6 na kuendelea.

Chini ya mwembe hakuoti

Ukoka haukai kivulini, basi. Panda pemba, au punguza matawi ya chini, na kama kivuli ni kizito kabisa weka kokoto na mimea ya kivuli uachane na majani hapo.

Maji kiasi gani sasa

Kiangazi bustani ya pwani inataka kama milimita 25 kwa wiki, na milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mita 100 za mraba zinakula lita 2,500 kwa wiki, yaani matangi mawili na nusu ya lita 1,000. Kwenye mchanga gawa mara mbili au tatu. Panga makopo kwenye bustani, fungua sprinkla dakika 15, pima kwa rula, hapo unajua sprinkla yako inatoa nini na wapi haifiki, maana kiraka kingine ni kona tu ambayo maji hayafiki.

Dodoma ndo naomba mfikirie hizo hesabu kabla ya kupanda kiwanja kizima. Mvua ni msimu mmoja tu, mwezi wa 12 mpaka wa 4, kama milimita 570 kwa mwaka. Panda eneo dogo unaloweza kulilisha. Na ukoka wenu ukiwa wa kahawia mwezi wa 9 msiung'oe, kwangua shina linalotambaa kwa kucha, likiwa jeupe au kijani ndani limelala tu, mvua ikija linaamka. Likikatika kavu mpaka ndani ndo limekufa.

Ndago

Nimeiacha mwisho kwa sababu ndo inayosumbua watu miaka. Ile yenye shina la pembe tatu, inarefuka kuliko majani mengine siku mbili baada ya kukata. Inakuja mara nyingi na udongo mweusi wa bondeni unaouzwa kwa lori. Kabla hujalipa, panda kwenye lori, chukua sepeto chota sehemu tatu, pekua. Ukiona vijinundu vyeusi vidogo saizi ya harage vimeunganishwa na uzi, rudisha lori.

Kama tayari unayo, kuivuta kwa mkono inakatika juu, vinundu vinabaki chini na vinachipua zaidi. Ukiwa mvumilivu fukua moja moja kwa kisu mpaka kwenye kinundu kila wiki, kwenye bustani ndogo inawezekana kabisa. Dawa za magugu ya majani mapana haziiui, na glaifosati inaua na ukoka wako. Inayochagua ndago ikaacha ukoka ni ile yenye halosulfuroni, usome kibandiko, unyunyize ndago ikiwa changa yenye majani matatu mpaka manane, uache kukata siku mbili kabla na siku mbili baada, na urudie baada ya wiki sita hivi maana vinundu havichipui vyote kwa pamoja.

Ukishachoma nondo, ukavuta, ukamwaga sabuni, ukapima maji na bado huelewi, peleka udongo maabara, kituo cha utafiti wa kilimo TARI Mlingano kule Tanga au chuo cha kilimo SUA Morogoro, Kenya kituo cha utafiti wa kilimo KALRO pale Kabete. Chota sehemu kumi tofauti kwenye kina cha sentimita 10 mpaka 15, changanya kwenye ndoo safi isiyowahi kuwekwa mbolea, peleka nusu kilo, na chota kiraka peke yake na penye uzima peke yake, mifuko miwili, uiandike.